Ufunguo Mmoja wa Starlet

Tarehe 14 Agosti 1995, katika stesheni ya reli ya Mlimba, Evaristo Libenanga, fundi saa wa Ifakara, alitia saini hati ya kununua Toyota Starlet iliyotengenezwa mwaka 1982: rangi ya maziwa, milango miwili ya ubavuni, mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na ufunguo mmoja. Hati hiyo anayo mpaka leo, kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya kabati la vyombo.

Aliyemuuzia alikuwa karani wa reli aliyehamishwa. Gari lilifika Ifakara juu ya behewa, limefungwa kwa kamba za katani, na watu waliokuja kupokea jamaa zao waliligeukia wakacheka. Lilionekana dogo kama kabati la nguo lililolazwa. Evaristo aliliendesha hadi nyumbani kwa gia ya pili, na mkewe, Serafina, alipoliona uani aliuliza kitu kimoja tu: magunia ya mpunga yatakaa wapi? Mumewe akainua mlango wa nyuma, akalaza kiti, akamwonyesha. Magunia manne yaliingia. Siku zilizofuata mlango huo ulipitisha mbuzi, vitanda, mitungi ya pombe ya harusi, wagonjwa wa malaria na jeneza moja la mtoto.

Miaka ikapita, na Starlet za aina ile zikaisha mjini. Nyingine zilikatwa zikauzwa vyuma chakavu, nyingine zikageuka mabanda ya kuku. Watu walihamia kwenye magari mapya yenye vioo vya kujipandisha. Evaristo hakuhama. Alipoulizwa kwa nini, alijibu bila kuinua jicho kutoka kwenye lenzi yake.

"Gari la mkubwa lina watu wa kulitunza. La karani atalitunza nani?"

Alilitunza kama anavyotunza saa. Kila Jumamosi alisafisha kabureta kwa brashi ya nywele laini, kisha akawasha injini na kulaza saa ya mkono juu ya boneti, akainamisha sikio. Ikiwa hakuisikia saa ikigonga, kabureta bado. Aliirudia mpaka aisikie. Gari likawa kimya kiasi kwamba mbwa waliolala njiani hawakuamka hadi lifike puani mwao.

Kitu kimoja hakukigusa: swichi. Ufunguo ule ule ulifungua milango yote na kuwasha injini, na baada ya miaka arobaini meno yake yalikuwa yamelika. Mtu aliweza kuuchomoa gari likiwa linaunguruma, na injini isijue. Evaristo alikuwa na ujuzi wa kutengeneza swichi mpya, lakini swichi mpya ingetaka ufunguo wa pili, na gari hili lilikuja na ufunguo mmoja. Jumapili alipenda kuuchomoa katikati ya safari na kuutia mfukoni mwa shati, akiendesha kuelekea misani kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Baba Digna, acha mazingaombwe," Serafina alimwambia. "Siku moja yatatuua."

Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, saa nane mchana, walikuwa wanarudi kutoka Lupiro, Evaristo alikokwenda kutengeneza saa ya ukutani ya kanisa. Walikuwa wamekaribia mjini. Pikipiki ikatoka kwenye njia ya mashambani, upande wa kushoto, imebeba magunia mawili ya mpunga. Dereva wake, Fidelis, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Lumemo, alikuwa amegeuka nyuma kuangalia kamba. Aliingia kwenye ubavu wa Starlet kwa kasi yake yote. Akapaa juu ya boneti, akaanguka upande wa pili, kichwa kikagonga lami, na mguu wake wa kulia ukakunjika mahali pasipo na goti.

Kila dereva wa Kilombero anajua la kufanya akigongana na bodaboda: usisimame, nenda moja kwa moja kituo cha polisi, maana wenzake wakifika kabla ya askari, hawaulizi aliyekosea. Evaristo alilijua hilo kama wengine. Lakini Fidelis alikuwa amelala mbele ya tairi. Akafunga breki, akashuka, akaiacha injini ikiunguruma, kwa sababu Starlet ikizimwa ikiwa na moto haiwaki mpaka ipoe, na kupoa ni robo saa.

"Inua mlango," Serafina alisema. Alikuwa amekwisha kulaza kiti.

Walimbeba. Kijana alikuwa mzito na damu ilimtelezesha Evaristo mikono. Serafina aliingia kwanza nyuma, akampokea kichwa mapajani, akavuta. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na miguu ya Fidelis bado ilining'inia nje, mmoja ukielekea kusikofaa, pikipiki ya kwanza ya wenzake ilipofika.

Kutoka barabarani, watu waliona mzee anasukuma miguu ya mtu ndani ya gari.

"Oya! Anapakia maiti!" mmoja alipiga kelele. "Anakwenda kumtupa mtoni!"

Zikafika pikipiki tano, kisha kumi na tano. Evaristo alijaribu kusema neno hospitali. Ngumi ya kwanza ililifunga neno hilo mdomoni pamoja na jino. Walimburuta mpaka mlango wa dereva, wakamgongesha uso kwenye ukingo wa paa mara tatu, na alipojishika pale asianguke, mtu alishusha helmeti juu ya mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilivunjika kwa sauti aliyoisikia vizuri. Huo ndio mkono unaoshika saa.

"Yuko hai!" Serafina alikuwa anapiga mayowe kutoka ndani. "Anapumua! Njooni mumwone mwenyewe, wapumbavu nyinyi! Mnampiga anayempeleka hospitali!"

Jiwe likapita kwenye kioo cha ubavuni na kumpasua juu ya jicho. Alikuwa amemaliza kuivuta miguu ndani mtu alipoubamiza mlango wa nyuma, na kwa milango ya ubavuni hakuwa na njia ya kutoka bila kiti cha mbele kukunjwa. Akamfunika Fidelis kichwa kwa kanga na kumwinamia.

Kiongozi wa kijiwe chao cha bodaboda alikuwa Donati, mwanaume wa miaka thelathini, mrefu, aliyewahi kulala mahabusu na kusimulia habari zake kwa fahari. Aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akaunyanyua juu.

"Ufunguo huu hapa! Mzee haendi popote!"

Watu wakashangilia. Kijana mwingine alifungua mrija wa petroli wa pikipiki yake, akajaza chupa ya maji ya nusu lita.

Evaristo alikuwa chini, shavu kwenye lami, teke moja likimfikia mbavuni kila mara mtu alipokumbuka. Sikio lake lilikuwa karibu na tairi la mbele. Katikati ya kelele zile alisikia kitu alichokuwa amekitega sikio kila Jumamosi kwa miaka ishirini na tisa. Injini ilikuwa haijazimika. Donati alikuwa anauzungusha ufunguo hewani na gari lilikuwa linaunguruma kwa utulivu miguuni pake, na yeye hakulisikia.

Petroli ilipomwagwa kwenye paa na mlango wa nyuma, watu walirudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuunguzwa na moto wa mwenzake. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu palikuwa na duara tupu kuzunguka gari, na ndani ya duara hilo alikuwamo mzee mmoja tu, ambaye kila mtu aliamini hawezi kusimama.

Alisimama. Aliingia, akakanyaga klachi, akasukuma gia kwa kiganja kwa kuwa vidole havikukubali. Gari likaruka mbele. Pikipiki mbili zililala chini yake na moja ikavutwa hatua kadhaa ikitoa cheche, na cheche hizo, au kiberiti cha mtu, viliwasha petroli iliyotapakaa barabarani na nyuma ya gari. Aliyekuwa na chupa alishika moto mkono wa shati akaanza kukimbia akijipiga. Mwingine aliyesimama mbele na nondo aliitupa na kurukia mtaroni. Nondo ilipasua kioo cha mbele, ikaishia kwenye kiti alichokuwa amekalia Serafina dakika chache kabla.

"Endesha!" Serafina alipiga kelele nyuma yake. "Usitazame, endesha!"

"Anapumua?"

"Anapumua. Wewe endesha!"

Walifika hospitali rangi ya nyuma ikiwa imeungua na kutoka malengelenge. Hakuwa na ufunguo wa kuzimia injini. Aliweka gia ya nne, akaachia klachi huku amekanyaga breki, injini ikatetemeka na kufa. Kisha akalala kwenye usukani.

Fidelis aliishi. Alishonwa kichwa, mguu ukafungwa vyuma, na siku ya tatu alipopata kauli aliuliza magunia ya mpunga yako wapi. Serafina alishonwa nyuzi tisa. Evaristo alifungwa vidole kwenye kibao, na polisi wakalivuta gari hadi uani mwa kituo liwe kielelezo cha kesi.

Koplo Jane, aliyepewa jalada hilo, alimhoji kitandani.

"Ufunguo wa gari uko wapi, mzee?"

"Anao aliyeuchomoa."

"Unamfahamu?"

"Uso naufahamu. Jina sina."

"Watu wote pale wanasema hawakuona kitu," Koplo Jane alisema. "Watu thelathini, na wote walikuwa wanaangalia pembeni. Huo ufunguo ukipatikana kwa mtu, ndio ushahidi wangu. Usipopatikana, sina kesi."

Tangu alipotoka hospitali, Evaristo alikwenda kituoni kila asubuhi. Magari ya vielelezo yamepangwa kando ya ukuta, majani yametoka kwenye madirisha yao, na mengine hayana tairi wala taa. Starlet ilikuwa ya mwisho. Mvua za mwisho wa masika zilikuwa zinaingia kwenye vioo vilivyovunjwa na kutuama sakafuni, mahali ambapo bati lake ni jembamba. Aliruhusiwa kutupia turubai juu. Kugusa hakuruhusiwa. Alijua sakafu ile itamaliza mwaka mmoja hivi, si zaidi.

Jumanne tarehe 28 Mei, saa nne asubuhi, Donati alifika barazani kwa Evaristo, anapofanyia kazi yake ya saa. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Evaristo aliitambua sauti kabla ya uso. "Marahaba. Karibu kiti."

Donati hakukaa. "Mzee wangu, nimekuja kiutu uzima. Fidelis ametueleza. Tulikosea, shetani alitupitia." Akaweka ufunguo juu ya meza, kati ya bisibisi. "Huu hapa. Vijana watatafuta vioo, vyote, na rangi tutapiga. Fidelis naye anasema alikosea yeye, hakuna madai, basi polisi watakuachia gari lako wiki hii hii. Wewe ukiulizwa, sema hukumwona mtu. Uzee, damu machoni. Nani atakulaumu?"

Evaristo aliuchukua ufunguo, akautia chini ya lenzi. Ulikuwa mzima. Gari lilikuwa pale tu, dakika kumi kwa miguu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Kisha akafanya anachofanya kwa kila mteja. Akachukua bahasha ndogo ya kaki, zile za kuhifadhia saa zilizoletwa, akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Jina kamili?"

"Donati Severini Mkwawira," alijibu Donati, kama wanavyojibu wateja.

"Andika mwenyewe, mimi vidole hivi havishiki. Kitu ulicholeta, tarehe, saini."

Donati aliandika. Ufunguo wa gari, 28/5/2024, saini. Evaristo alitumbukiza ufunguo ndani na kulamba gundi.

"Hii naipeleka kwa Koplo Jane," alisema.

Donati aliiangalia saini yake mwenyewe juu ya bahasha. "Mzee, unanichezea? Gari lako litaoza pale! Unajua?"

"Najua kuliko wewe."

"Nipe."

"Mlinivunja mkono nikiwa nimembeba mwenzenu. Mke wangu mlikuwa mnamchoma akiwa hai. Ningekuwa na magari kumi yangeoza yote."

Donati alirusha meza. Saa za watu zilitawanyika barazani, vioo vikapasuka. Akamkaba Evaristo koo kwa mkono mmoja na kuitafuta bahasha kwa mwingine, akimsukumia ukutani, vidole vilivyofungwa vikabanwa katikati na mzee akalia kwa sauti ya juu. Serafina alikuwa chumbani akinyoosha nguo. Alitoka na pasi ya mkaa, kifuniko kimefungwa. Aliipigilia kwenye kifundo cha mkono wa Donati, ikashika ngozi, na alipoivuta alimpiga nayo tena, mara hii begani, mpaka kifuniko kikafunguka na makaa yakawamwagikia wote miguuni.

Donati aliruka ukuta wa baraza, akaanguka, akainuka.

"Nitarudi na petroli, bibi! Na safari hii ni nyumba!"

"Njoo mchana," Serafina alimjibu, akikanyaga makaa kwa kandambili zake. "Nikuone vizuri."

Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amekaa chini, bahasha kifuani. "Vaa viatu, Baba Digna. Twende sasa, kabla hajapata wenzake."

Walikwenda kwa miguu, katikati ya barabara, ili waonekane. Koplo Jane aliipokea bahasha saa tano na nusu na kuiandika kielelezo namba mbili. Namba moja ni gari. Donati alikamatwa jioni ile kwenye zahanati, akitibiwa kuungua kifundo cha mkono.

Kesi ya kujeruhi na kujaribu kuchoma gari lenye watu itasikilizwa mahakamani Jumatano tarehe 11 Septemba, saa tatu asubuhi. Evaristo atakuwa shahidi wa kwanza, Serafina wa pili, Fidelis wa tatu. Gari litabaki uani kwa polisi, chini ya turubai, mpaka hukumu itolewe.