Mafua ya Salfa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la nne. Nimekata mkonge, nimebeba magunia bandarini Mtwara, nimelala na njaa, na nimelala na hela chini ya mto. Leo nina nyumba mbili za matofali ya saruji, na shamba la mikorosho ambalo ukianza kulitembea asubuhi, jua kali linakukuta katikati. Yote kwa mikono hii. Kwa hiyo siandiki haya kwa sababu yalinishangaza. Nayaandika kwa sababu niliyaona yanakuja, nikayaita jina lingine.

Kwetu, vijiji vya njia ya kwenda Mnazi Bay, kuna miezi ambayo hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini anakohoa. Mikorosho ikichipua tunapuliza salfa, ule unga wa njano unaokinga maua yasiingiwe na ukungu. Unapuliza alfajiri, majani yana umande ili unga ushike, upepo haujaamka. Lakini unga hauchagui. Unaingia puani, machoni, kooni. Kijiji kizima kinapiga chafya, imamu anakohoa katikati ya sura, na wote tunasema ni mafua ya salfa. Hayo mtu haendi nayo hospitali. Unakunywa maziwa, unajifukiza, unarudi shambani.

Mwaka huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, mashine ya kupulizia iliyokuwa nzima kijijini ilikuwa yangu peke yake. Nilipuliza shamba langu, kisha ya wengine kwa malipo. Mke wangu ndiye aliyefungua mifuko na kunijazia unga. Hakuna aliyeijua mashine ile kama yeye. Injini ikibadilika sauti kidogo tu, keshashika mfuko mwingine.

Alianza kama sisi sote. Pua inachuruzika maji, chafya, koo linawasha, kichwa kizito. Siku ya tatu kamasi zikawa nzito. Siku ya tano akaamka mzima, akatwanga muhogo, akanicheka kwa kuwa mimi bado nilikuwa napenga. Hayo ndiyo mafua. Yanakusumbua siku kadhaa, wiki hivi, kisha yanakuacha yenyewe. Hilo nililijua, na mpaka leo nasema nililijua sawasawa.

Siku ya sita salfa ikaisha, yetu na ya ghalani mjini pia. Siku ya saba mke wangu akaanza kutetemeka.

Mtu akipona mafua, kisha akashikwa na homa kali, hayo si mafua tena. Leo namwambia hivyo kila anayenisikiliza na asiyenisikiliza. Siku ile nilimwambia mke wangu kwamba salfa imemkaa kifuani.

"Baba watoto," akasema, "salfa inawasha. Hii inachoma."

"Inachoma wapi?"

"Hapa ubavuni, nikivuta pumzi."

"Umestua mbavu kwa kubeba mifuko."

"Mifuko nimeibeba miaka minne."

"Ndiyo maana."

Alinyamaza. Alikuwa mtu wa maneno, na kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa amekubali.

Kesho yake niliendesha baiskeli hadi mjini kuulizia salfa. Ghalani wakasema labda Ijumaa. Nikamnunulia klorokwini, maana homa kwetu ni malaria mpaka ikatae yenyewe, na kopo kubwa la maziwa ya unga. Wanaume wengi wangenunua kopo dogo. Nikarudi nikipita mbele ya hospitali, kopo limefungwa nyuma ya baiskeli, wala sikugeuza shingo.

Zikapita siku nyingine nne bila kupuliza. Pua yangu ikakauka, ya jirani ikakauka, imamu akasoma sura mpaka mwisho. Kijiji kizima kilinyamaza, kikabaki kikohozi cha nyumba yangu tu. Nilikisikia. Mimi si kiziwi. Makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu, nikasema ni rangi ya unga.

Dada yake alikuwa anakaa mjini, Rahaleo, na kuuza uji karibu na geti la hospitali. Alikuja kumwona, na akaanza nami mlangoni kama kawaida yake.

"Shemeji, ulimwoa dada yangu au uliajiri kibarua?"

"Vyote viwili. Kwa mahari ile mliyonitoza, lazima nirudishe."

Akacheka, akaingia ndani akiwa bado anacheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Shemeji, njoo. Mbona anahema kama aliyetoka kukimbia, naye kalala?"

Nilisimama mlangoni nikatazama. Mabawa ya pua yalikuwa yanacheza. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alitaka kuniambia kitu, lakini kila neno lilihitaji pumzi yake, naye hakuwa na pumzi ya kugawa.

Nilikodi pikapu ya mtu wa samaki, nikakipakata kichwa chake njia nzima ile ya mchanga. Hospitali tulipokewa na daktari kijana, mtu wa bara, mpole. Alimwekea kipimo mgongoni, akasikiliza huku na huku, muda mrefu.

"Amekunywa nini leo?"

"Amekataa hata maji. Ni salfa, daktari."

"Mmepuliza mara ya mwisho lini?"

"Leo siku ya sita."

"Mzee, wewe bado unakohoa?"

"Hapana."

"Basi salfa gani hiyo iliyokuacha wewe, ikabaki kwake?"

Hakunisema kwa ubaya. Akaeleza kwamba ni nimonia, mapafu yote mawili, na kwamba maumivu yale ya kuvuta pumzi ndiyo yalikuwa ya kuletwa hospitali siku ile ile. Walimpa sindano, dripu na hewa ya mtungi. Dada yake alikesha upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, na hakunitania tena. Mpaka leo hajanitania.

Mke wangu alikufa siku ya tatu, kabla ya adhuhuri. Neno la mwisho nililomsikia akisema ni "maji", na nilipoyaleta hakuyanywa.

Msibani watu walisema umaskini unaua. Niliwaacha waseme, lakini sikuwa maskini. Hela ilikuwa nyumbani muda wote, ndani ya mkebe wa biskuti, tangu siku ile aliponiambia inachoma. Sikukopa kwa mtu wala sikupitisha bakuli. Pikapu ya kwenda, dawa, gari la kumrudisha na sanda nililipa mwenyewe, taslimu: shilingi elfu themanini na saba na mia mbili.