Mbea wa Waya na Mbea wa Betri

Mume wangu alitaka cha betri, mimi nilitaka cha waya, na tuligombana mbele ya muuzaji duka zima likitusikia. Lilikuwa duka la vifaa vya umeme kule Richardson, Texas, mwishoni mwa miaka ya tisini. Vifaa vyenyewe vilikuwa vidogo kama kipande cha sabuni, vya kubandika kwenye kioo cha mbele cha gari. Askari akiwa amejibanza mahali na rada yake ya kupimia mwendo, kifaa kinamnusa kabla hujamfikia na kupiga kelele, nawe unapunguza mwendo. Sisi tulishakipa jina kabla hata hatujakinunua. Tulikiita mbea, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumsengenya askari.

Msidhani tulikuwa watu wa kupenda mashindano ya magari. Tuliishi Irving, yeye akipakia mizigo uwanja wa ndege, mimi nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza. Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na sasa alikuwa anaumwa saratani Sugar Land, nje kidogo ya Houston. Madaktari walishaacha kuzungumza habari za kupona. Kila Jumamosi tulikwenda kumwona. Barabara ni ile ile moja, imenyooka mpaka inachosha, na mume wangu aliipita kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa na hofu moja tu, na aliisema waziwazi: dada asije akakata roho yeye akiwa njiani. Hata mama yao alimkosa hivyo hivyo, yeye akiwa shule ya bweni, na alipofika alikuta matanga. Tatizo ni kwamba alishaandikiwa makosa ya mwendo mara kadhaa, na leseni ilikuwa matatani. Bila leseni, Sugar Land ingekuwa mbali nasi kama Tanga.

Mimi betri nazijua. Kazini kwetu kila kitu cha betri kilizimika siku kilipohitajika.

"Chukua cha waya," nikamwambia. "Unaki-plug kwenye tundu la kuwashia sigara, basi, umemaliza."

"Huo waya ukining'inia pale kila mtu anauona. Afande akija dirishani nita-explain nini?"

"Humsikii kaka wa watu anavyosema? Ni legal. Texas nzima."

"Legal kwao. Wewe ulishaona wapi serikali inakuruhusu uikwepe?"

Hapo nikamwelewa. Alitaka kitu cha kubandua haraka na kuficha. Kwetu ukisimamishwa na trafiki, kwanza unaficha cha kuficha, halafu unashuka mwenyewe, unamfuata afande kwa heshima zote, unamuuliza habari za kazi. Mume wangu alikuwa amekaa Marekani miaka mingi, anakula vya hapo na kulipa kodi ya hapo, lakini mbele ya askari alikuwa bado yuko Tanga. Mimi nina hasira za karibu na sioni haya kulisema, ila siku ile nilichoka. Tukatoka na cha betri.

Jumamosi iliyofuata tulisimamishwa mchana kweupe, nje ya kamji fulani katikati ya safari. Taa nyekundu na bluu zilitokea nyuma yetu na mbea hakuwa amesema neno. Mume wangu akasogea pembeni. Gari halijatulia sawasawa, akakibandua kile kifaa kiooni, akainama kukisukuma chini ya kiti. Kikakwama. Akainama zaidi, bega zima likapotea chini. Mimi nilikuwa natazama kioo cha pembeni. Nilimwona askari anafungua mlango, anashuka, anapiga hatua, kisha anasimama ghafla. Alikuwa ameuona mgongo wa mtu mweusi aliyeinama na mkono wake hauonekani.

Akapiga kelele, na bastola ikatoka.

Mume wangu akainuka. Badala ya kuonyesha mikono, akashika kitasa cha mlango. "Nashuka, afande, nashuka," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya adabu kabisa, kama anavyoongea na wakubwa. Nilimkamata shati nikalivuta mpaka likachanika. Nikamfokea kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Usishuke! Mikono kwenye usukani! Juu!"

Akaiweka. Ndipo mbea, huko chini miguuni, akaanza kulia pi-pi-pi kutangaza kwamba kuna askari karibu.

Askari alikuja dirishani uso umemwiva. Hata yeye alikuwa anatetemeka, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko bastola. Alikuwa ametusimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua, basi. Kifaa chenyewe, akasema, kinaruhusiwa, sasa unakificha cha nini? Siku nyingine ukisimamishwa, mikono juu ya usukani niione, na usishuke mpaka uambiwe. Mume wangu akaitikia yes sir, yes sir, kama mtoto wa shule. Nilimchukia yule askari, na nilimshukuru Mungu kwamba alichelewesha kidole chake. Mpaka leo sijaweza kuchagua kati ya hayo mawili.

Kwa wifi hatukusema kitu. Aliuliza shati limefanya nini, nikamwambia mdogo wako siku hizi ananenepa. Akacheka mpaka akakohoa.

Wiki ile mume wangu alikirudisha dukani peke yake, akaja na cha waya. Alikichomeka mwenyewe, akaupitisha waya katikati ya kioo ili uonekane vizuri. Lakini mwendo wake ulikuwa umekwisha. Alijibana njia ya kulia, ambayo kule ni ya wanaokwenda taratibu, mikono miwili juu ya usukani, malori yakitupita moja baada ya jingine. Nilimwambia aongeze kidogo, hata sheria inaruhusu. "Tutafika tu," akajibu. Nilitaka kulia. Yule mwanaume aliyekuwa akifukuzana na kifo cha dada yake sasa alikuwa anakiogopa cha kwake.

Jumamosi ya mwisho tulitoka Irving asubuhi. Simu zetu miaka ile zilikuwa za ukutani, ukishafunga mlango hakuna wa kukupata. Waya ulicheza cheza mbele yetu njia nzima na mbea hakulia hata mara moja. Tulipokata kona kuingia mtaa wa wifi, niliviona viatu. Kibarazani kwa kawaida huwa kuna jozi mbili tatu. Siku ile vilikuwa vimejaa mpaka kwenye majani, vya kiume upande mmoja, kandambili na vya kike upande wa pili, na mlango uko wazi. Hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa maana yake.

Mume wangu akazima gari. Waya ukatulia. Akakaa akitazama mbele, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Shuka, baba watoto," nikamwambia.

Hakushuka. Nilizunguka upande wake, nikafungua mlango, nikaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.