Duriani la Mke wa Fundi

Sokoni kwetu duriani halipasuliwi kabla ya kulipiwa. Ukishalipa ni lako, liwe tamu au limechacha. Ndiyo maana watu walimng'ang'ania jirani yangu wa meza, Mama Pua. Ananusa kikonyo mara moja tu, anakuambia hili la leo, lile la kesho, na lile kampe adui yako. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua, ingawa nayo si haba.

Mimi nauza vitunguu pembeni yake na sina tabia ya kuchokonoa mambo ya watu. Lakini tangu apone homa kali iliyomlaza nyumbani, moyo wangu haukutulia. Mtaro ulipoziba nyuma yetu, soko zima tulijifunika nyuso kwa uvundo, yeye akaendelea kunywa chai yake kwa raha zote. Nikajua pua imekufa. Nikajua pia kwa nini anaficha: wateja wakipata habari, meza ile imekwisha, na hana kazi nyingine anayoijua.

Juzi akaja fundi cherehani. Mkewe ametoka hospitali, kila chakula anakisukuma, na asubuhi hiyo alikuwa ametamka neno moja: duriani.

"Nichagulie, mama. Hili la manjano au hayo madogo?"

"La manjano lina nyama nene, tamu sana, ila linakinaisha upesi. Dogo lina uchungu kidogo mwishoni. Mgonjwa mpelekee dogo."

Hapo alisema kweli tupu. Akatikisa moja, kokwa zikagonga ndani. Akasogeza kikonyo puani, akafumba macho vilevile kama zamani.

"Hili hapa, Fundi. Atakula mpaka ajilambe vidole."

Pale nilipoketi mimi, harufu ya kuchacha ilikuwa imeshanifikia. Duriani lililoiva hugonga, na lililopitiliza hugonga pia. Sikio halitamsaidia mtu hapo. Fundi alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Nikamwona mawazoni mkewe kitandani, akifunguliwa uozo ule. Uvumilivu ukanishinda.

"Fundi, si hilo. Chukua la pembeni yake."

Mama Pua akanigeukia, macho yamemtoka. "Tangu lini muuza vitunguu akajua duriani?"

"Alinuse mwenyewe basi!"

Fundi akainama, akanusa, akarudi nyuma. Akamtazama Mama Pua. Akachukua lile nililomwonyesha, akalipa na kuondoka bila ule utani wake wa kudai punguzo la wazee.

"Umenimaliza," Mama Pua akasema. "Ulishindwa nini kuninong'oneza?"

Nikababaika, nikamwambia pole, nikamwambia mimi nitakuwa nanusa na yeye anauza, hakuna atakayejua. Nilidhani namfariji, kumbe namtia chumvi kwenye kidonda.

"Unafikiri nalilia duriani?" Akajibwaga juu ya kreti. "Binti yangu amejifungua. Kila jioni ananipa mtoto nimpakate. Namwekea pua hapa, kwenye utosi, navuta, navuta. Hakuna kitu, shoga yangu. Mjukuu wangu wa kwanza, na sijui ananukiaje."

Mteja akasimama mbele yetu, akauliza lipi ni tamu zaidi.