Sindano ya Mama Mkwe

Dawa yenyewe niliiona kwanza kiganjani mwa nesi. Ilikuwa chupa ndogo ya kioo, na ndani mlikuwa na kitu cha manjano kizito kama mafuta ya kupikia. Nesi aliifumbata kwanza ipate joto, kwa sababu dawa ya mafuta ikiwa baridi huingia kwa shida na huuma siku mbili. Mama mkwe wangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki, gauni limepandishwa, nami nimemshika mkono. Mume wangu alisimama nyuma ya pazia, maana kwetu mwana hatazami mwili wa mama yake. Lakini pazia halizuii masikio. Nesi alikuwa akinieleza mimi, na mume wangu akasikia yote.

"Inaitwa nandroloni," nesi alisema. "Ni homoni ya kiume iliyoigwa na kutengenezwa na watu. Figo za mama zimechoka, damu yake imepungua, na nyama zimemwisha. Hii inasaidia mwili kujenga damu na nyama. Wengine tunawapa kwa sababu ya mifupa."

"Ya kiume?" mama mkwe aliuliza, mdomo ukiwa kwenye mto. "Sasa nitamea ndevu?"

"Ukiona ndevu, mwaitu, kuja haraka tupunguze."

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama Ukambani, hata mama wa mtu mwingine.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Kangundo, mimi na mama mkwe, kwenye shamba la kahawa na maparachichi. Mume wangu alifanya kazi Mlolongo. Alipakia mawe ya kujengea kwenye malori, kwa mikono, na alikuja nyumbani Jumamosi. Alikuwa mwembamba. Si mgonjwa, mwembamba tu, na wenzake kule machimboni walimcheka kwamba siku moja upepo wa lori utampeleka Mombasa. Mimi sikuona kasoro. Nilimpenda hivyo, na nilipenda zaidi kwamba hakuna mwingine aliyemtazama.

Mama mkwe alipona, si figo, lakini mwili ulirudi. Alianza kumaliza sahani ya muthokoi, ile pure yetu ya mahindi na maharagwe. Akaanza kwenda kanisani kwa miguu. Sauti yake nayo ikashuka. Siku moja kwaya ilipokuwa inafanya mazoezi, mwalimu wa kwaya aligeuka kuangalia mzee gani amejiingiza kwenye safu ya akina mama. Mama mkwe alituhadithia mwenyewe huku akicheka. "Nimeambiwa nihamie kwa wazee," alisema. "Nimekataa. Wazee hawaogi." Tuliporudi kliniki dawa ikapunguzwa.

Jumamosi moja mume wangu alimkuta mama yake akiinua mtungi wa maji na kuuweka kwenye toroli bila msaada. Alisimama akamwangalia. Jioni, tukila, aliniambia, "Kama imemwinua mgonjwa, mtu mwenye afya itamfikisha wapi?"

Nilidhani ni mzaha. Kumbe ndiyo hesabu aliyopiga, na sijui kama mtu asiyebeba mawe na kuchekwa kwa wembamba wake angeipiga. Alidhani dawa ni kama mbolea, ukiimwaga kwenye shamba lililokufa likaamka, basi shamba zuri litapasuka kwa mavuno.

Huko Mlolongo kulikuwa na jimu ya mabati nyuma ya nyumba za kupanga. Vyuma vyake vilikuwa simiti iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi, ikaunganishwa kwa bomba. Mle ndani kulikuwa na mtu aliyeuza chupa zilezile, au zilizofanana nazo, bila nesi na bila daktari. Mume wangu alidungwa na wenzake. Dawa ambayo mama alipewa kidogo kwa kipimo, yeye aliipata kwa wingi, na juu yake wakamwongezea nyingine ambazo sikuwahi kujua majina yake.

Mwili ukaja. Siwezi kusema haukuja. Mabega yalitanuka, shingo ikanenepa, mashati yakamkataa. Tulienda soko la Tala kumtafutia mengine, na mwanamke mwenye kibanda cha mitumba akampima kifua kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa anachotaka kubaki nacho.

"Dada, huyu umemlisha nini?" akaniuliza.

"Muthokoi."

"Basi hata mimi niwekee kiporo."

Watu walicheka. Mume wangu alicheka. Mimi nilikunja mashati nikayatia kwenye mfuko, na tangu siku hiyo sikununua kitu kwenye kibanda kile. Mpaka leo nikipita pale huvuka njia.

Wivu wangu haukuwa wa mwanamke mmoja. Ungekuwa wa mmoja ningeuweza. Nilionea wivu macho yote. Nilionea wivu Mlolongo nzima, kwa kuwa ilimwona kila siku nami nilimwona Jumamosi. Nilionea wivu hata kioo cha jimu, ambacho alinihadithia habari zake kuliko alivyonihadithia za rafiki yeyote.

Kulikuwa na mashindano ya kuonyesha miili katika ukumbi mmoja mjini Machakos. Nilienda. Nilimuuliza rafiki wa mume wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, kama hawaogopi kukamatwa na ile dawa.

"Hao wanapimwa ni wakimbiaji," alisema. "Wanaambiwa wakojoe kwa kikombe. Na hii kitu ni mbaya, shemeji, inakaa kwa mkojo miezi na miezi. Mtu anafungiwa mbio miaka. Sisi tunapimwa na kioo tu."

Kisha mume wangu akatokea jukwaani, mwili wote umepakwa mafuta uking'aa. Kabla hajapanda, nilikuwa nimeona pembeni msichana wa jimu akimpaka mgongoni. Alimpaka vizuri, hata pale katikati ambapo mtu hafikii mwenyewe. Kazi hiyo nyumbani ilikuwa yangu. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, na sikumbuki alishika nafasi ya ngapi.

Jambo lililonikaa moyoni miaka hiyo yote lilikuwa mtoto. Hatukuwa naye. Desturi yetu ni kwamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Ni kama yule bibi anazaliwa tena, na mtoto huheshimiwa hivyo. Mama mkwe alilisubiri jina lake litoke nyumbani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mke wa mwana mkubwa. Hakuniuliza. Alikuwa akitazama tumbo langu nilipoinama kuchuma kahawa, kisha anatazama kando.

Mke wa shemeji yangu, yule mdogo wa mume wangu, alipojifungua msichana, jina likatoka kwake. Mama mkwe alimbeba mtoto akamwita "mimi." "Mimi nimelala," alisema. "Mimi nimejikojolea." Nyumba nzima ilicheka. Nilipika uji wa mzazi, nikaupeleka, nikaulizwa kama sukari imetosha, nikasema imetosha. Nilikuwa namwonea wivu mtoto wa juma moja.

Ni mama mkwe aliyeuliza lile swali. Tulikuwa tumeenda kliniki kama kawaida, na daktari alipomaliza kumtazama, yeye hakuinuka kwenye kiti.

"Daktari, mwanangu mkubwa pia anadungwa hii dawa yangu. Aliniambia mwenyewe, anafikiri ni jambo la kujivunia. Amenona kama fahali. Lakini nyumba yake iko kimya."

Daktari aliniangalia mimi. Akasema tumlete.

Alikuja kwa shingo upande. Daktari alizungumza naye polepole, na mimi nimekaa hapo. Alisema mwili wa mwanamume una mahali pake pa kutengenezea homoni, na hapohapo ndipo mbegu zinapotengenezwa. Ukipewa homoni kutoka nje, na nyingi hivyo, mwili unaona kazi imefanyika, unafunga duka. Akamuuliza mambo ya faraghani, mume wangu akajibu akiangalia sakafu. Daktari alisema akiacha, duka huenda likafunguliwa tena, lakini si kesho. Huenda ikachukua mwaka, huenda zaidi, na kwa wengine halifunguki vizuri. Alimwandikia vipimo. Akamwambia pia kwamba anataka kumpima moyo.

"Moyo hauna shida," mume wangu alisema. "Mimi nabeba mawe."

Aliacha. Namshukuru kwa hilo, alijaribu. Mwili ukaanza kuondoka kama ulivyokuja. Alikaa Jumamosi nzima kwenye kiti mlangoni, hataki redio, hataki chakula, hataki hata kuniangalia usiku. Daktari alikuwa ameonya kwamba kipindi hicho huwa kigumu. Kwake kilikuwa kama msiba. Lakini kwangu mimi, na sitaki kudanganya, ilikuwa miezi mizuri. Tulienda Tala na hakuna aliyegeuka. Mashati yalimpwaya, nikayapunguza kwa sindano na uzi, na kila nilipopunguza nilihisi nimerudishiwa kipande. Mume alikuwa na huzuni na mke akiimba jikoni. Ndivyo tulivyoishi.

Nilijua amerudia kabla hajaniambia. Nilikuwa nampaka mafuta mgongoni nikasikia vipele chini ya vidole, vilevile vilivyomtoka siku za sindano, juu kwenye mabega.

"Umeanza tena," nilisema.

Hakugeuka. "Wale vijana wapya wameanza kunicheka. Wananiuliza kama niko na ukimwi."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakuja."

"Daktari alisema nini?"

"Daktari habebi mawe." Akageuka akaniangalia usoni. "Niambie ukweli. Unataka mtoto, ama unataka nikose watu wa kuniangalia?"

"Vyote viwili," nilisema.

Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa hakuna aliyefurahi. Aliahidi ni mashindano ya mara moja tu, halafu ataenda kupimwa huo moyo. Hatukulizungumza tena.

Alikufa asubuhi, kazini, lori halijajaa. Waliokuwa naye walisema aliweka jiwe chini, akasema ngoja nipumzike kidogo, akakaa juu ya lile jiwe, akaegemea. Walidhani amesinzia. Hospitalini waliniambia moyo wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi na kuta zake zilikuwa nene. Niliuliza kama ni dawa. Aliyenijibu alisema dawa kama ile hufanya hivyo, lakini hawezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake. Basi na mimi siapi.

Vijana wa jimu walikuja Kangundo kumzika. Walibeba jeneza kana kwamba ni tupu, wakalipandisha ile njia ya mlimani bila kupumzika, na wakalia waziwazi. Yule msichana wa mafuta alikuja pia, akalia kuliko mimi. Mimi silii mbele za watu, ndivyo nilivyo. Nilikaa kwenye kiti cha mjane nikamtazama akilia, nikafikiri, hata hili unanichukulia. Baadaye alikuja kunishika mkono. Alikuwa mtoto tu, pengine umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilimwambia asante kwa kuja. Wivu haukusikia.

Mama mkwe bado anadungwa, sasa mara chache. Mimi ndiye ninayempeleka. Nimekaa pale nikaona dawa ikipashwa joto, ikimpa nguvu za kuishi muda mrefu kuliko mwanawe, na nimeionea wivu hata dawa.

Mwaka huu mke wa shemeji alizaa mvulana mwingine. Siku ya pili mama mkwe alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Nilijua amekuja na nini, kwa sababu hakuuliza habari ya ng'ombe.

"Mwanangu," alisema kwa ile sauti yake nzito. "Kuna mtoto kule hana jina. Majina ya babu zake wote wawili walishapewa kaka zake. Kuna jina moja limebaki bila mtu."

Nilimsogezea kikombe cha chai.

"Wangeweza kumpa bila kukuuliza. Nimewakataza. Jina hilo liko nyumbani kwako. Ukisema hapana, itakuwa hapana, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Nilitaka kusema hapana. Jina lile ndilo kitu cha mwisho cha mume wangu ambacho hakuna mwanamke mwingine aliyekigusa, na walikuwa wanataka kukipeleka nyumba ile ile iliyochukua la mama mkwe. Lakini nilijua pia kwamba likibaki kwangu halitaitwa na mtu. Litakuwa kwenye kaburi na kwenye kitambulisho ambacho serikali ilikikata pembe alipokufa.

"Wampe," nilisema.

Mama mkwe hakunishukuru. Aliinuka, akanishika bega, akatoka.

Siku ya jina nilienda. Akina mama walikuwa wamejaa sebuleni, na kwetu mtoto mwenye jina la mume wako ni mume wako, hilo halina mjadala. Wakaanza nilipofika mlangoni.

"Haya, mume amefika kutoka safari. Mpokee."

"Mwangalie, amerudi bila hata mkate."

"Na meno ameyaacha wapi?"

Nikacheka pamoja nao. Wakanikalisha kitini, wakaniwekea mtoto mikononi. Mama yake alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi, akituangalia, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake umeingiwa na kitu ninachokifahamu sana. Mtoto alinitazama bila kunijua, akafumba macho, akalala. Nilingoja wivu uondoke. Haukuondoka, ila ulitulia ukakaa nami pale kitini.

Baada ya muda mama yake akanyoosha mikono. "Dada, nipe anyonye."

"Ngoja kidogo," nilisema.

Akarudisha mikono yake kwenye blanketi, akangoja.