Mipira Mipya ya Pikapu ya Magesa

Tarehe kumi na saba mwezi wa tatu tulimpoteza kaka yangu Magesa, fundi wa magari wa Nyasho, Musoma. Aliugua siku nne tu. Haya ninayokueleza yalitokea wiki tano baadaye, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Mimi ni muuza dagaa wa Kamunyonge, shule niliishia darasa la saba, na kutunga hadithi sijui. Nitakupa kama nilivyoona.

Kaka aliacha pikapu nyeupe, kuukuu kuliko watoto wake wote. Ndiyo aliyonifundishia kuendesha, na ndiyo niliyobebea dagaa kwenda kuuza Butiama. Kabla hajaugua alikuwa amepanga kubadilisha mipira yake yote: ile inayoleta petroli kutoka kwenye tangi, na ile ya pawa, inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi. Ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Alikwenda mwenyewe Mwanza akanunua iliyo bora zaidi. Ya petroli ilikuwa nene, tabaka juu ya tabaka, na ya pawa ilikuwa na nyuzi za chuma ndani, na nati zake zimeshabanwa mwishoni. Alinionyesha. Aliipitisha mkononi taratibu kama mtu anayepapasa shingo ya ndama, kisha akaifungia kwenye sanduku lake la vifaa. Wiki iliyofuata tukamzika.

Sasa, kwetu vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka matanga yaanuliwe na ukoo ukae. Sanduku lililetwa nyumbani Butiama, likasukumwa chini ya kitanda cha mama. Ufunguo mama aliufunga kwenye pindo la kanga, na alilala nao. Gari peke yake ndilo tuliloruhusiwa kutumia, kwa sababu mama ana presha na kliniki yake iko Bunda.

Hapo ndipo nilipokosea. Jioni ya kuamkia siku ya kliniki, nikiwa hapo kwa mama, niliona petroli inadondoka. Mpira mpya ulikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, lakini ningemwambiaje mama avunje matanga ya mwanawe? Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungusha palipopasuka, nikakikaza kwa uzi wa nyavu na fundo letu la ziwani. Nikauvuta, haukutoka. Nikajiona fundi. Hata mama sikumwambia. Petroli hulainisha tyubu mpaka inakuwa kama uji, lakini mimi ningejulia wapi? Na kesho yake sikusikia harufu yoyote. Gari lililobeba dagaa miaka yote ile linanuka dagaa mpaka ndani ya viti.

Tukaondoka. Mama alikaa mbele, na kabla hatujaiacha Butiama alikuwa ameshasinzia, kwa maana tangu msiba usiku alikuwa halali. Tulipopita Nyamuswa usukani ukaanza kuwa mzito, kila nikikata kona unaguna. Nikasema moyoni, tufike tu Bunda.

Mara nikamwona mtu katikati ya barabara, mkono juu. Shati jeupe, mfuko wa turubai begani. Alitokea wapi? Pande zote ilikuwa mashamba ya pamba inayofika kiunoni tu, na mtu mzima akitembea humo unamwona kutoka mbali. Niamini, barabara ilikuwa tupu, kisha haikuwa tupu.

"Zima gari, dada," akasema. "Mama mwache alale."

Utaniambia kwetu kila mwanamke mzima huitwa mama. Nami nilijiambia hivyohivyo.

Alifungua boneti akaniita nitazame. Ile tyubu yangu ilikuwa imevimba, na petroli ilidondoka tone kwa tone, kidole kimoja tu pembeni ya bomba la ekzosi lililokuwa likiungua. Kidole kimoja. Mama yangu alikuwa amelala nyuma ya kioo, mdomo wazi kidogo, na mimi ndiye niliyemkalisha juu ya moto.

Yule mtu hakunigombeza. Aliikata tyubu kwa kisu, akaishika mbele ya macho yangu.

"Fundo hili ni la kuvulia sato, dada. Petroli haina magamba."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, nikaona aibu.

Kisha akaanza kazi. Nimekaa gereji tangu utoto, nikimpelekea kaka chakula, na nakuambia sijaona mikono kama ile. Akatoa mfukoni uzi wa katani wenye mafundo matatu. Kaka naye alikuwa akipima kwa uzi wa namna hiyo, kila klipu ya kubana mpira na fundo lake. Lakini kaka alipima kwanza, ndipo akafunga mafundo. Huyu alikuja na mafundo yamefungwa tayari. Alitoa mpira mpya kwenye ule mfuko wa turubai, akaunyoosha kando ya uzi, akaukata mara moja, ukaingia mahali pake bila kuvutwa wala kusukumwa. Aliupitisha mbali na ekzosi, njia ambayo mpira wa zamani haukuwahi kupita. Kila klipu aliikaza, akaigusa kwa ukucha, akasikiliza. Alipoweka ule wa pawa aliuacha umelegea kidogo, nikamuuliza kwa nini.

"Injini inacheza, fremu haichezi," akasema. "Ukiukaza, siku moja mpira utalazimika kuchagua upande."

Akatia oili, akanituma nikawashe gari na kuzungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, polepole, huku yeye akitazama mapovu kwenye kikopo cha oili yakiisha. Niliwasha. Hakuna tone lililoanguka. Usukani ulikuwa mwepesi, nauzungusha kwa kidole. Na mama, ambaye huamshwa na kuku akikuna chini, hakufumbua jicho.

Ndipo nilipoitazama mikono yake. Mtu ameingia chini ya gari la zamani, amefungua mipira iliyojaa oili nyekundu, na mikono yake ilikuwa safi kama ya mtu anayesubiri kula. Hata kwenye kucha. Nilimpa chupa ya maji anawe, kwa mazoea tu.

"Asante," akasema. "Mimi nilishaoshwa."

Nilidhani ni namna yake ya kuongea. Akaikunja mipira ya zamani pamoja na tyubu yangu, akaitia kwenye mfuko, akasema ataichukua yeye, nisije nikairudia. Nikageuka kufunga boneti. Nilipoinua uso, hakuwepo. Pamba haikutikisika hata jani.

Mama akaamka papo hapo, akaangaza barabarani.

"Magesa ameenda wapi?" akauliza. "Si alikuwa anapiga mluzi hapa? Alikuwaga anapiga hivyohivyo akiwa kazini."

Mimi sikusikia mluzi wowote. Na yule mtu hakuwa Magesa. Uso wa kaka yangu naujua. Nilimwambia mama alikuwa anaota, tukaenda Bunda, wakampima, tukarudi salama.

Pikapu ingali inatembea. Mafundi wa Nyasho wakifungua boneti huitana waje watazame jinsi mipira ilivyolazwa, na huniuliza ni kazi ya nani. Nasema ni mtu wa njiani, basi. Kila nikipita Nyamuswa huzima gari kidogo, kisha naendelea. Na wewe unayenisikiliza, kama una gari la zamani, iname leo utazame mipira yake. Usifunge petroli kwa uzi. Na ukisimamishwa barabarani ukaambiwa zima, zima kwanza, mengine utauliza baadaye.

Matanga yalianuliwa mwezi uliofuata. Ukoo ulikaa uani, sanduku likatolewa, mama akafungua pindo la kanga mbele ya watu wote akampa baba mdogo ufunguo. Kufuli ilikuwa na vumbi. Ndani zilikuwemo spana, zimepangwa kwa ukubwa kama alivyoziacha. Mipira mipya haikuwemo. Mahali pake palikuwa na mipira mikuukuu iliyokunjwa vizuri, imefungwa kwa uzi wa katani wenye mafundo matatu, na juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli.

Baba mdogo alikiinua, akakigeuzageuza, akauliza ni nani aliyefunga fundo lile.

Nikasema ni mimi.