Alikosa Kumi Kamili

Mwalimu Restuta si mwoga. Nyoka akiingia darasani, yeye ndiye anayeitwa. Mkaguzi akija, yeye ndiye anayebishana naye. Mimi, niliyefundisha naye miaka tisa shuleni kwetu karibu na Gulwe, ndiye ninayetoka mbio. Lakini sasa anaogopa, na hofu yake imenipata na mimi.

Mwaka jana shule moja binafsi ya mjini ilimtuma mtu kuwapima watoto wetu wa darasa la sita. Anayeng'ara wanamchukua bure: kitanda, chakula, vitabu. Baadaye picha yake inapanda kwenye bango lao la barabarani. Sisi tunabaki na wenzake tisini na sita na ubao wenye nyufa.

Tulijua atakayechukuliwa ni Anyesi, binti wa mzee Abeli mfugaji. Hesabu anaimaliza mwalimu bado anatafuta chaki. Restuta alikuwa akimwandaa apate nafasi Msalato, sekondari ya serikali ya wasichana wenye vipaji. Tena alimkumbuka Uwesu, mwanafunzi wetu wa zamani. Uwesu naye walimchukua hivyohivyo, wakamfundisha kwa Kiingereza ambacho hakukijua, na wastani uliposhuka wakamchuja. Alirudi na tranka lake kichwani, na hakutaka tena kusikia habari za shule. Leo anachunga.

Basi asubuhi ya jaribio, Restuta alimwita Anyesi nyuma ya stoo.

"Kosea maswali kumi," alimwambia. "Ni kwa faida yako."

Huyu ni Restuta yuleyule anayezunguka nyumba kwa nyumba kugombana na wazazi wanaowaambia mabinti zao wafeli darasa la saba ili wabaki nyumbani. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikanyamaza. Na mimi sikutaka tunyang'anywe.

Anyesi alikosa kumi. Si tisa, si kumi na moja, na yote yalikuwa yale magumu ambayo mtoto yeyote angeyakosa. Mgeni hakushuku kitu, akaondoka na Filipo, mwenzao aliyeongoza siku hiyo. Restuta alicheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Mtoto anayeweza kukosa kwa ustadi namna ile alinitisha.

Septemba ikafika. Ilibaki siku moja kabla ya mtihani wa taifa wa darasa la saba, na siku ya mtihani walimu wa shule haturuhusiwi kusogea. Wasimamizi hutoka shule nyingine. Watoto walikuja kufagia vyumba na kubandika namba kwenye madawati. Anyesi alikuja wa mwisho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa?"

"Baba alikuwa ananisemesha. Anataka kesho nijaze majibu mabaya, nisichaguliwe kwenda sekondari. Wameshaleta posa."

Restuta alishika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili.

"Usikubali! Jibu yote, Anyesi. Usikosee hata moja. Nakuambia kwa faida yako!"

Mtoto alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa anatafuta jibu.

"Baba naye amesema ni kwa faida yangu," alisema. "Na mwaka jana ulisema hivyohivyo, mwalimu."

Kisha akachukua ufagio akaanza kazi.

Mtihani ulipita. Tulipomuuliza, alisema amemaliza, basi. Habari za posa tulizipeleka kwa mtendaji wa kijiji, lakini mzee Abeli amekana. Sasa tunasubiri matokeo. Restuta hali vizuri, na simu ya mwalimu mkuu ikilia anashtuka. Juzi nilijaribu kumtuliza. Nilimwambia mtoto mwenye akili vile, hata akikosea machache, atachaguliwa tu.

"Anyesi hakosei machache," alinijibu. "Anakosea idadi aliyoambiwa. Mimi ndiye niliyemfundisha."