Shahidi Asiyekuwa na Video

Fundi wa shule ya bweni iliyo nyuma ya mtaa wetu wanafunzi walimwita Mzee Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila bisibisi mfukoni mwa shati, hata msibani. Ni jirani yangu tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi. Kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake na vipimo vya mbao, lakini hakuna dawati, kitanda wala mlango wa choo shuleni pale ambao haujapita mikononi mwake.

Zamani karakana yake haikukosa mtoto. Huyu kaleta ndala iliyokatika, yule sanduku lililopoteza ufunguo. Wakisubiri, wanazungumza. Hivyo ndivyo alivyojua nani kafiwa, nani halali usingizi, nani anaonewa bwenini. Jioni alipita kwa matroni wa wakati ule akamnong'oneza, na jambo likaisha bila mtoto kuaibishwa. Siku hizi shule ina chumba cha ushauri nasaha chenye kibao kizuri mlangoni, na ndani wameweka mifagio. Watoto wanazungumza na vioo vya simu. Sheria inakataza simu, kwa hiyo wanazo kwa siri, na ubaya unaowapata humo hauna wa kuambiwa, maana kuusema ni kukiri kosa.

Adhabu ya simu ni nyundo. Zinazokamatwa huvunjwa Jumatatu mstarini, shule nzima ikitazama. Mwalimu wa nidhamu alianza kuzivunja mwenyewe, kioo kikamkata kidole, kazi akamtupia fundi. Mtu aliyetengeneza vitu maisha yake yote wakamgeuza mvunjaji. "Jirani, mshahara haukuulizi kama umependa," aliniambia.

Jumamosi moja msichana wa kidato cha pili aliingia karakana na sanduku lake, kufuli limevunjwa kwenye upekuzi wa jana yake. Fundi akilishughulikia, akaona mtoto haondoi macho kwenye ndoo ya simu zilizokamatwa.

"Babu, ile yenye kava jekundu ni ya mwenzangu wa kitanda cha juu. Mimi nimo humo."

"Umo kivipi?"

Akamweleza. Ana kifafa. Wazazi wake hawakuiambia shule, wakiogopa isije ikamkataa. Alhamisi kilimshika bwenini, na yule mwenzake badala ya kumsaidia akamsogelea anamrekodi. Mkono wa mgonjwa, ukirukaruka, ukampiga mdomoni, jino likatoka. Sasa mwenye jino anadai alipigwa kwa makusudi, marafiki zake wanamuunga mkono, na Jumatatu mchana kamati ya nidhamu inakaa. Wakimwona ana hatia, anafukuzwa.

"Sijawahi kujiona nikianguka," alisema. "Naomba nione, babu. Mara moja tu."

Namna ya kuifungua simu ile bweni zima liliijua. Wakatazama pamoja. Povu, macho meupe, visigino vinapiga sakafu, na sauti inayocheka: "Ngoja nimchukue uso!" Kisha mkono, yowe, na picha ikabaki kutazama dari.

Msichana akajifunika uso. "Ndivyo ninavyokuwa? Anasema likizo atawarushia watu wote."

"Hairushwi." Fundi akaiweka juu ya chuma, akachukua nyundo.

"Babu, na kamati?"

"Kamati niachie mimi. Nimeona kwa macho yangu haya. Mtu mzima na mvi zake akisema ameona, nani atambishia?"

Akaiponda mpaka ikawa ungaunga. Simcheki. Sisi tulilelewa hivyo: ukikuta aibu ya mtoto wa mwenzio, unaifunika kwanza, maswali baadaye.

Jumatatu alivaa koti. Mama wa mwenye jino alikuwa ameketi na wajumbe kana kwamba naye ni mjumbe. Baba wa msichana, dereva wa lori, amekalishwa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti karibu yaguse kidevu. Matroni wa sasa alikuwa akisoma kitu chini ya meza. Mwanga wa simu ulimgonga usoni.

"Mzee, unasema uliona," mwalimu wa nidhamu alianza. "Ulikuwa bwenini?"

"Hapana. Niliona kwenye simu, binti ameshikwa na kifafa."

"Simu iko wapi?"

"Niliivunja."

Mjumbe mmoja akacheka. "Wewe huwa unaomba watoto wakusomee salio, leo umefungua video?"

"Alinifungulia huyu binti."

"Aaa. Mtuhumiwa ndiye aliyekufungulia."

"Mwalimu, nimezeekea hapa. Nimewahi kukudanganya hata msumari mmoja?"

"Hakuna aliyekuita mwongo, mzee wangu. Tunataka ushahidi. Ungetuletea simu."

"Simu si mnaniletea ninyi nizivunje!"

"Kwani huyu ni fundi au daktari?" mama wa mwenye jino aliuliza.

Baba akasimama, akaeleza kuhusu ugonjwa. Mkuu wa shule akamkatiza kwa upole. "Hayo tunayasikia leo, mzazi. Na kutuficha nako ni kosa. Kwamba siku ile aliugua, nani anathibitisha?"

"Mimi," fundi akasema.

Wakaendelea kana kwamba feni ndiyo iliyosema. Nimeishi mpaka nikaona mzee anasimama kusema nimeona, na watu wanamdai video.

Msichana alifukuzwa siku hiyo hiyo. Fundi akambebea sanduku mpaka getini. Pale baba akageuka.

"Mzee, kweli hakumpiga?"

"Kweli kabisa."

"Na hiyo simu ulikuwa nayo mkononi."

Fundi akalitua sanduku chini.

"Ulikuwa nayo mkononi, ukaivunja."

"Baba, mwache babu," msichana akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aivunje."

Hakusema hivyo. Alisema, "Babu, na kamati?" Fundi alijua, akafungua mdomo aseme, na mdomo ukabaki wazi bila neno. Baba akamzaba mtoto kofi. Kisha akabeba sanduku begani, wakaondoka, msichana nyuma, ameshika shavu.

Kamati haimuumi sana, jirani yangu aliniambia. Linalomuuma ni lile kofi, kwa sababu lilikuwa lake. Alibaki amesimama pale mpaka mlinzi akamwomba asogee: gari la mama wa mwenye jino lilikuwa linataka kutoka.